Sahihisho la Jina la Kisima

Kosa langu la kwanza katika kuchapisha utafiti halikuwa la hesabu. Hesabu nilizirudia mpaka nikawa naota mabano. Kosa lilikuwa neno moja kwenye jedwali la pili, safu ya kwanza, ambalo niliandika kama nilivyolisikia kwa watu, na sikumuuliza mwenyewe kama ndivyo anavyoitwa.

Nieleze kwanza kazi yangu ya mchana, maana ndiyo iliyonifundisha kukosea namna hiyo. Nimeajiriwa na wakala wa forodha hapa Tunduma. Kabla lori halijavuka kwenda Zambia, nyaraka zake hupita mezani kwangu: jina la mwenye mzigo, jina la dereva, namba ya tela, maelezo ya shehena. Kanuni ya ofisi yetu ni moja tu: andika kama ilivyo. Kama karatasi ya kwanza ina jina lenye "l" mbili, nawe unaandika "l" mbili, hata kama mwenye jina amesimama mbele yako anakuambia hutumia moja. Karatasi zikitofautiana herufi, lori halivuki, na dereva anahamia dirishani kwako na mswaki wake. Mimi sikosei herufi. Ndiyo sifa pekee niliyonayo pale ofisini, na kwa muda mrefu niliamini inatosha.

Utafiti niliuanza peke yangu. Chuo sikwenda. Nimepanga chumba mtaa wa Chapwa, na Chapwa maji ya bomba hayaaminiki, kwa hiyo nyumba nyingi zina visima vilivyochimbwa kwa mikono. Kiangazi kimoja kisima cha nyumba yetu kilikauka, tukawa tunachota kwa jirani aliye chini kidogo ya mteremko, ambaye maji yake hata hayakushuka. Wapangaji wenzangu walichukulia kawaida. Mimi nilishindwa. Nilitaka kujua kwa nini. Nikaanza kusoma kwenye simu makala za wanasayansi wa maji ya ardhini, zile za bure, nikiwa na kamusi pembeni. Mwanzo nilielewa mstari mmoja kwa ukurasa. Baadaye nikaelewa miwili. Nikajifunza programu ya kuchora ramani kwa kufuta na kurudia. Nikaagiza kifaa kidogo cha kupima chumvichumvi iliyoyeyuka kwenye maji, nikafunga kipande cha nondo kwenye kamba yenye alama za mita, na kila Jumamosi alasiri nikawa nazunguka visimani.

Watoto wa mtaa waliniita Bwana Kamba. Baadaye hata wazazi wao.

Kisima nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha mama mmoja fundi cherehani, wa umri wa mama yangu. Alikuwa anashona sare za shule barazani kwake, na kisima kilikuwa hatua chache kutoka kwenye cherehani, kimefunikwa kwa bati na jiwe. Hakikuwahi kukauka. Nilipokuwa nikifika aliendelea kukanyaga cherehani bila kuinua macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Kamba. Kisima hakijahama, kiko pale pale."

"Nakuja tu kupima, mama."

"Pima. Ila ukikuta kimepungua usiniambie mbele ya wateja."

Ndivyo tulivyozoeana, kwa misimu miwili ya kiangazi na masika iliyokuwa katikati. Nilijua kina cha kisima chake kuliko alivyokijua yeye. Nilijua maji yanapanda lini na yanashuka lini. Jina lake sikulijua. Kwetu mtu mzima humuulizi jina hivi hivi. Unasema mama, naye anaitika, mambo yanaendelea. Nilipotaka kuwaelekeza watu niliko, nilisema kama walivyosema wote: niko kwa Mwachika.

Kila mtu alisema hivyo. Bodaboda walisema, muuza vocha alisema, mwenye nyumba wangu alisema. Mimi ni mtu wa Ileje. Kwetu milimani, na Mbozi pia, majina ya ukoo yanayoanza na "Mwa" yamejaa kama mahindi, na mezani kwangu ofisini nayaandika kutwa nzima. Kwa hiyo niliposikia Mwachika, sikio langu lililiweka pamoja na wenzake bila kuuliza. Nikajua ni ukoo wa mumewe, au wa baba yake. Nikaona hata raha kidogo, kwamba kisima bora kuliko vyote ni cha mtu wa kwetu.

Muswada wangu wa kwanza ulikataliwa ndani ya wiki, bila sababu. Jarida la pili walinipa sababu, nikatamani wasingenipa. La tatu, jarida dogo la maji na ardhi linalosomwa mtandaoni, wakaupeleka kwa wapitiaji wawili. Mpitiaji wa kwanza alitaka grafu zichorwe upya. Wa pili aliandika kwa upole kwamba visima nimevipa alama za herufi na namba tu, na kwamba ingefaa niongeze majina ya kienyeji, ili watu wa eneo husika wavitambue na utafiti uwafae.

Nilifurahi mno. Huyu mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua, anawajali watu wa Chapwa! Siku hiyo hiyo nikaongeza safu ya majina. Kwa Mwenyekiti wa Zamani. Kisima cha Kanisa. Kwa Fundi Baiskeli. Kwa Mwachika. Na kwa kuwa nilikuwa nimechangamka, nikaongeza sentensi kwenye shukrani, kwa Kiingereza nilichokipiga pasi kwa siku kadhaa, nikiishukuru familia ya Mama Mwachika kwa kuniruhusu kupima kisima chao.

Nakala ya mwisho ya kusahihisha ilipokuja, nililala nayo na kuamka nayo. Niligundua alama ya nyuzi joto imekaa juu mno. Niligundua nafasi mbili mahali pa moja. Niliwaandikia wahariri barua pepe kuhusu nukta. Nikiwa nayo kwenye kompyuta ya ofisini wakati wa chakula, dada wa mapokezi, ambaye amezaliwa na kukulia Tunduma, alipita nyuma yangu na sahani yake ya ugali na dagaa, akasimama.

"He! Mwachika naye yumo?" Akacheka mpaka akaweka sahani chini.

"Unacheka nini?"

"Sicheki kitu. Naona Chapwa imefika Ulaya."

Aliendelea kucheka akienda zake. Nilimwangalia. Kuna kitu kilinigusa hapo, na sitaki kudanganya kwamba hakikunigusa. Kicheko kile hakikuwa cha mtu anayefurahia mtaa wake. Ningeweza kumfuata mlangoni na kumuuliza tena. Sikumfuata. Nilikuwa na wasiwasi kwamba akinieleza nitalazimika kubadilisha kitu, na wahariri walikuwa wameandika wazi kwamba mabadiliko makubwa hayapokelewi tena. Nikarudi kwenye nukta zangu.

Makala ikatoka. Jina langu likawa pale juu, peke yake, na chini yake neno Tunduma. Nilimtumia kila mtu, hadi dereva mmoja wa Kizambia ambaye tuliwahi kubadilishana namba kwa ajili ya karatasi zake. Alijibu "mulishani", salamu ya kwao, na kidole gumba. Nilipeleka ramani ya rangi kwa mtendaji wa mtaa, ambaye aliipokea kwa mikono miwili na kusema hii ndiyo aina ya kijana tunayemtaka. Halafu Jumamosi nikachapisha nakala moja zaidi, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaenda nayo kwa mama wa cherehani. Nilikuwa nimemtafsiria zile shukrani kwa Kiswahili.

Wanawake watatu walikuwa wanachota maji. Nilifurahi kwamba wapo. Nilitaka wasikie.

"Mama, umo humu," nikamwambia.

Akasimamisha cherehani. Ilikuwa mara ya kwanza ananisimamishia cherehani. "Mimi? Nimefanyaje?"

"Umeshukuriwa. Ngoja nikusomee." Nikasoma kwa sauti, kama tunavyosoma somo kanisani: "Mwandishi anaishukuru kwa dhati familia ya Mama Mwachika, kwa ukarimu wao..."

Mmoja wa wale wanawake alitoa sauti kama mtu aliyepaliwa. Mwingine akaangalia ndoo yake. Mama wa cherehani hakusogea.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena. Mpaka sasa nashindwa kuelewa kwa nini nilisoma tena, nikiwa na uso wa tabasamu.

"Na hicho kitabu chako kinasomwa wapi?"

"Dunia nzima, mama."

"Dunia nzima," alisema polepole. "Na wewe unaitwa nani, mwanangu? Jina lako."

Nikamtajia.

"Wameliandika hapo?"

"Ndiyo. Hapa juu."

"Wamekuandika jina lako. Kwa nini hawakuandika Kamba? Si ndivyo mtaa unavyokuita?" Yule mwanamke aliyepaliwa akacheka waziwazi sasa, na safari hii aliyechekwa nilikuwa mimi. Mama akageuka kwenye cherehani, akaweka mguu kwenye kikanyagio, lakini hakukanyaga. "Mimi sikuachika. Niliondoka. Nilifunga mlango mwenyewe mchana watu wakiona, ufunguo nikampa mama mkwe mkononi. Watoto wangu nikawabeba, nikaja hapa, nikachimbisha kisima. Hao wanaosema nimeachika, kila jioni wako hapa na ndoo."

Wale wanawake hawakucheka tena.

Hapo ndipo neno lilipovunjika mbele yangu. Achika. Mwachika. Kiswahili cha shuleni kisingeliunda hivyo, ndiyo maana sikulisikia. Jumatatu yake dada wa mapokezi alinifafanulia, bila kucheka, akiwa anaona aibu kwa niaba yangu. "Ndio utani wenyewe, kaka. Wamelifanya lifanane na ukoo. Kama vile kuna ukoo wa wanawake walioachika, na yeye ndiye bibi yao. Mimi nilijua unajua. Nilisema huyu kijana wa Ileje ana roho ngumu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza ukiwa umegeukia kompyuta."

Natamani ningeweza kuandika kwamba siku hiyo hiyo niliwaandikia wahariri. Sikuwaandikia. Hapa ndipo aibu yangu ilipo hasa, kuliko kwenye neno. Neno nilikosea kwa kutojua, au kwa kujua nusu. Yaliyofuata niliyafanya nikijua yote.

Nilikuwa nimesoma namna majarida yanavyosahihisha makala zilizokwisha kutoka. Hawafuti kimyakimya. Wanachapisha tangazo la sahihisho, na tangazo hilo linaunganishwa na makala daima. Kila atakayeifungua makala yangu ataona kwanza kwamba ina sahihisho. Makala yangu moja. Mtu asiye na chuo nyuma yake, asiye na profesa wa kumtetea, anaanza na doa. Nilikuwa nimesoma makala mamia, na kila nilipokutana na tangazo kama hilo, mimi mwenyewe, katika chumba changu cha kupanga, nilikuwa nikimhukumu mwandishi: huyu hakuwa makini.

Kwa hiyo nikatafuta njia ya pembeni. Nilijiambia kwamba nani Chapwa anasoma makala za Kiingereza? Kitu cha maana ni mtaani. Na mtaani kulikuwa na jambo la haraka: mtendaji alikuwa ameamua kuweka vibao kwenye visima vyote vya ramani yangu, vya bati, vyenye namba na jina, ili watu wa afya wakija kutia dawa wasipotee. Nilikwenda ofisini kwake mbio.

"Mtendaji, kile kisima cha mama fundi, naomba jina lisiandikwe. Weka namba tu."

Alitoa ramani yangu kwenye droo. Alikuwa ameipigia plastiki. "Hapa si umeandika mwenyewe?"

"Nimeandika, lakini si jina zuri."

"Zuri au baya, limechapishwa." Aligonga ramani kwa kidole. "Msomi, mimi hapa kila siku wananijia watu. Huyu anataka kisima kiandikwe jina lake, yule anasema eneo ni la mjomba. Nikibadilisha kwa mdomo wako, kesho nabadilisha kwa mdomo wa nani? Nimewaambia wote: tunafuata kilichochapishwa. Wewe lete kilichochapishwa kingine, nami nafuata hicho."

"Lakini mtendaji, wewe unajua maana yake."

"Najua. Na wewe ulijua, au hukujua?"

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anafanya kazi kama mimi ninavyofanya yangu. Andika kama ilivyo.

Vibao vikawekwa. Bati la bluu, herufi nyeupe, nguzo ya bomba la chuma. Kwake kilikaa kati ya kisima na baraza, kwa hiyo akikaa kwenye cherehani kinamtazama usoni. Jina la mtaani lilikuwa likisemwa chinichini, kwenye foleni ya ndoo, na wengi walilisema bila hata kukumbuka maana. Sasa lilikuwa limeandikwa na serikali. Watoto waliokuwa wanajifunza kusoma walilisoma kwa kuunganisha herufi, kwa sauti, wakimpita na madaftari yao.

Nilikiona kile kibao Jumamosi ya kwanza kutoka mbali, nikageuza njia. Jumamosi iliyofuata nikapima visima vyote isipokuwa chake. Kwenye jedwali langu la mwaka ule kuna pengo kwenye safu yake, na mtu mwingine angedhani kamba ilikatika. Kiangazi kizima kilikuwa karibu kuisha. Nilifungua barua pepe mpya kwa wahariri mara nyingi na kuifunga. Mara moja niliiandika yote, nikasema ni kosa la tahajia. Nilitunga hata tahajia mpya, ya ukoo wa kweli unaokaribiana na lile neno. Ilikuwa nzuri sana. Kosa la herufi, jambo dogo, tangazo la mstari mmoja, hakuna atakayejua. Nilikaribia kuituma.

Kilichonizuia si uadilifu. Ni kwamba ilibidi nijaze jina sahihi, na nikatambua kwamba naandika tena jina la mtu bila kumuuliza. Nilikuwa nampa yule mama ukoo wa pili wa uongo ili kuficha wa kwanza.

Nikaenda. Haikuwa Jumamosi, sikuwa na kamba. Alikuwa anafumua pindo la sketi kwa wembe. Nilimsalimu, akaitikia "marahaba" peke yake, bila Kamba. Nikasimama mahali ambapo kibao kilikuwa mgongoni mwangu, maana sikuweza kukiangalia.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha. Na kuomba jina lako."

Aliendelea na wembe. "Ukiwa na jina langu utafanya nini?"

"Nitawaandikia wabadilishe."

"Nguo nikiishona vibaya nafumua. Chako hakifumuliki?"

"Hakifumuliki chote, mama. La zamani halitoki. Wataweka karatasi nyingine juu, inayosema lile halikuwa jina, na la kweli ni hili."

"Kumbe ni kiraka."

"Ni kiraka."

"Na hiyo karatasi itasema nani alikosea?"

"Mimi. Jina langu litakuwepo."

Hapo akaniangalia. Sijui aliona nini. Nilikuwa na ule woga ninaokuwa nao mbele ya mtu yeyote anayeweza kuniambia nimekosea. "Umekaa nalo muda wote huu," alisema. "Mimi nimekaa na hicho kibao. Wewe ulikuwa unakaa na nini?"

Nilimwambia ukweli. Nikamwambia naogopa ile karatasi, kwamba itaharibu makala yangu, kwamba ndiyo kitu pekee nilichofanya. Nilitegemea atanionea huruma. Hakunionea.

"Yaani unaogopa kuandikwa vibaya," alisema, na akarudi kwenye pindo.

Nilisimama pale mpaka akamaliza kulifumua lote. Kisha akaosha mikono kisimani, akaingia ndani, akatoka na kadi yake ya kanisa. Akanitajia majina yake matatu, nami nikayaandika, naye akachukua karatasi na kuyasoma. Nilikuwa nimekosea herufi moja. Mimi, mtu wa forodha. Jina lake la katikati ni la Kinyiha na lina "nz", mimi niliandika "z" tupu kwa haraka ya kutaka kumaliza. Alinirudishia karatasi bila neno, nikaandika upya, akasoma tena, akakubali kwa kichwa. Akaongeza kwamba kwenye kitabu changu waandike majina yote matatu, lakini kama nitakuja kuisimulia hii habari mahali pengine, nisiyaandike. Kwa hiyo humu hayamo.

Barua kwa mhariri niliiandika kwa mistari michache. Nilisema kwamba neno lililo kwenye jedwali la pili, kwenye ramani na kwenye shukrani si jina. Ni maneno ya kumdhihaki mwanamke ambaye ndoa yake ilikwisha, na mimi mwandishi niliyatumia bila kumuuliza mwenyewe. Nikaandika jina sahihi. Nikasema namba zote za kisima hicho ni sahihi. Nilisita kwenye sentensi hii ya mwisho, kwa sababu niliona bado najitetea, lakini ilikuwa kweli na walihitaji kuijua.

Mhariri alijibu kwamba wamepokea, kwamba wataweka sahihisho, na kwamba ramani itachorwa upya. Hakunilaumu wala kunisifu. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili, nikabaki nimekaa tu.

Sahihisho lilipotoka nilichapisha nakala mbili. Moja nilimpelekea mtendaji. Aliisoma, ingawa Kiingereza kilimsumbua nikamsaidia sehemu ya katikati, ile sehemu mbaya. Akauliza, "Hapa wamesema wewe ndiye uliyedhihaki?"

"Wamesema nilitumia maneno ya dhihaka."

"Si ni kile kile?"

"Ni kile kile."

Akaiweka kwenye droo pamoja na ramani. Wiki hiyo mchoraji wa vibao alikuja na kopo la bluu, akafunika, akaacha ikauke, akaandika upya. Majina matatu hayakutosha mstari mmoja, ikabidi la mwisho lishuke chini. Ukisimama karibu wakati jua linapopiga kwa ubavu, unaona bado herufi za zamani zimevimba chini ya rangi.

Nakala ya pili nilimpelekea mwenyewe. Hakuniambia nimsomee. Aliipokea, akaiweka chini ya mkasi ili upepo usiichukue, akaendelea kushona.

Hivi sasa hali ni hii. Makala yangu inafunguka kwa tangazo la sahihisho, na ninapomtumia mtu ninamtumia vyote viwili, sahihisho kwanza. Kuna makala nyingine ya watu wengine iliyonukuu jedwali langu kabla halijasahihishwa. Humo lile neno bado lipo, nimewaandikia, hawajajibu. Mtaani wako wanaokiita kisima kwa jina la kibao, na wako wanaosema kama zamani. Mama wa cherehani huniruhusu kupima, ila haniiti Kamba tena, ananiita kwa jina langu, na mimi ningependa Kamba lirudi. Na kabla sijashusha kamba kwenye kisima chochote kipya, humuuliza mwenye kisima anataka kiandikwe vipi, ninaandika mbele yake, ninampa asome.